Unasafishwa damu? Ulizia pia kipimo cha fosfeti

Ikiwa wewe au ndugu yako mnasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo kushindwa kazi, ukipewa majibu ya maabara tafuta neno fosfeti. Kama halipo, muulize muuguzi.

Figo nzima hutoa fosforasi ya ziada kupitia mkojo. Zikishindwa, madini haya hubaki kwenye damu, na mashine huondoa sehemu tu. Yakizidi, huungana na kalsiamu na kuganda kwenye kuta za ateri, kama ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika linalochemshia maji ya chumvi. Mishipa hukakamaa, moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, nawe huenda usihisi lolote kwa miaka. Magonjwa ya moyo na mishipa yamo miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa wanaosafishwa damu, na wenye fosfeti ya juu sana wako hatarini zaidi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, fosfeti huwa takriban milimoli 0.8 hadi 1.5 kwa lita. Daktari huisoma pamoja na kalsiamu na homoni ya parathiroidi, akilinganisha majibu ya miezi kadhaa. Kwa hiyo tunza karatasi zako zote, hasa ukihamishiwa hospitali nyingine.

Kuna pia fetuini-A, protini ya ini inayozuia madini kuganda mishipani. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa nayo kidogo walifariki zaidi. Lakini hicho ni kipimo cha watafiti. Ukiambiwa ukilipie, uliza kwanza majibu yatabadilisha nini katika matibabu yako.

Fosfeti ndiyo unayoweza kuishusha. Punguza soda nyeusi, soseji na nyama za kopo, kwani fosfeti inayoongezwa kiwandani huingia mwilini kwa urahisi kuliko ile ya maharage. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi. Usiache maharage kabla ya kuongea na mhudumu, maana unahitaji protini. Ukipewa vidonge vya kuzuia fosfeti, vimeze pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu havisaidii. Usijinunulie vidonge vya kalsiamu dukani, kwa sababu kalsiamu ikizidi nayo huishia mishipani. Na ukikosa usafiri wa kwenda kusafishwa, toa taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo.