Neno Letu: Bumba, Mzinga na Mtungo

Hapa Nduguti, katika mkoa wenye sifa ya asali, inasikitisha kusikia kwamba "mzinga wa nyuki umetua mtini". Mzinga hautui. Mzinga ni nyumba: gogo lililotobolewa au sanduku lililotundikwa. Nyuki wenyewe, wanapohama na kushikamana tawini, ni bumba. Neno hilo hutaja pia fungu la vitu vilivyoshikamana, ndiyo maana linawafaa kuliko "kundi", linalowatosha ng'ombe na mbuzi. Sega nalo ni la nta, lenye vijumba vya asali na majana.

Samaki nao wanaonewa. Mtungo wa samaki ni wale waliokwisha kuvuliwa, wakatungwa kwa kamba au ukuti kupitia mashavuni, tayari kuuzwa. Jina limetokana na kazi ya mikono ya mvuvi. Wanaoogelea bado ni kundi tu. Ama "shule ya samaki" ya watafsiri wa haraka, hilo ni kosa tupu. Waingereza walilichukua neno lao la kundi la samaki kutoka Kiholanzi. Likafanana kwa bahati na lile la shule, ambalo asili yake ni Kigiriki. Ajali ya Waingereza tusiifanye Kiswahili. Andika bumba la nyuki, wingu la nzige, kundi la samaki; na mtungo uuache sokoni, ambako mnunuzi anauelewa vizuri.