Elimu Kazini na Ari ya Mfanyakazi: Tanzania, 1947 hadi 1986

Katika semina zetu suala la ari ya kazi huulizwa kwa namna moja tu: mfanyakazi afundishwe nini ili aongeze bidii? Swali hilo lina kasoro. Linamfanya mfanyakazi kuwa chombo kinachongoja kutiwa mafuta. Historia ya elimu kazini katika nchi yetu inazusha swali gumu zaidi: mfanyakazi akishaelimika, je, mahali pake pa kazi pako tayari kuishi naye?

Chini ya ukoloni elimu ya mfanyakazi haikuhesabiwa, kwa sababu uchumi wenyewe haukuihitaji. Manamba wa mashamba ya mkonge alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na kipande kikijaa ndipo alipolipwa. Bwana shamba alinunua nguvu. Akili ya mkata mkonge haikuwamo katika mapatano. Shule za ufundi za Ifunda, 1951, na Moshi, 1957, zilikuja mwishoni kabisa mwa utawala huo, tena kwa vijana wachache. Hata hivyo tusidhani kwamba wafanyakazi walikuwa hawajifunzi. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, na mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, walikuwa wamehitimu katika shule isiyo na ubao wala mwalimu. Kazi yenyewe iliwafundisha umoja.

Mwaka wa Uhuru, 1961, Chama kilianzisha Chuo cha Kivukoni, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 njia kuu za uchumi zikawa mali ya umma. Lakini kubadili mwenye mali si kubadili uhusiano wa kazini. Katika sehemu nyingi meneja alibadilika jina na rangi, mtindo ukabaki ule ule wa kuamrisha. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulikusudia kurekebisha jambo hilo kwa kuagiza Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mabaraza yalipewa nafasi ya kushauri. Hapo ndipo upungufu wa elimu ulipojitokeza wazi. Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mjumbe asiyeweza kusoma hesabu za shirika hawezi kuzihoji. Atakubali kwa kichwa, na barazani watasema wafanyakazi wameshirikishwa.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU, Februari 1971, wiki chache tu baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Kwa maoni yangu hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kumfundisha mfanyakazi wa Tanzania kwa haraka kama kijitabu kile. Wafanyakazi walikisoma, na wasiojua kusoma walisomewa. Wakamkabili meneja nacho mkononi. Migomo mingi iliyofuata hadi 1973 haikuwa ya kudai mshahara pekee. Ilihusu matusi, kufukuzwa ovyo, na wakubwa kuwafanya watu wazima watoto. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walimwondoa mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Nani atasema watu hao walikosa ari? Ari ilikuwapo, ila haikuwa ile ambayo mameneja walikuwa wakiiombea.

Katika mwaka huo huo Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa agizo kwamba elimu ya wafanyakazi ifanyike mahali pa kazi, na sehemu ya masomo iwe ndani ya saa za kazi. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa TFL tangu 1955, na kabla ya hapo alifanya kazi ya kisomo cha watu wazima, kwa hiyo hakuwa mgeni wa jambo hili. Wapo wanaosema agizo lilikusudiwa kuwatoa wafanyakazi kwenye migomo na kuwaketisha madawatini. Wengine wanaliona kama utimizaji wa Mwongozo. Mimi naona yote mawili yalikuwamo, na mvutano huo ndio ulioamua hatima ya madarasa. Meneja anayepimwa kwa mita za kitambaa huihesabu saa ya darasa kuwa hasara, na kazi ikizidi, darasa ndilo la kwanza kufutwa.

Mfano wa namna nyingine ulikuwa katika Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi za reli, lakini walio wengi zaidi walijifunza kazini, kwa kutazama na kutenda. Mtaalamu wa Kichina alishika sururu na spana mwenyewe mbele ya mwanafunzi wake. Heshima ya namna hiyo haihitaji kuhubiriwa.

Kisomo nacho kilizaa matunda: wasiojua kusoma walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na 27 mwaka 1977. Basi kama elimu peke yake huleta ari, viwanda vya miaka ya 1980 vingekuwa na ari kuliko wakati wowote. Haikuwa hivyo. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha vipuri na malighafi. Mshahara ukapoteza thamani mwaka hadi mwaka. Kufikia 1986, serikali ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, wafanyakazi wengi walikuwa wakiishi kwa bustani, kuku na biashara ndogo ndogo. Fundi aliyesomeshwa na umma alifika asubuhi kiwandani, akasaini daftari, akaitazama mashine iliyosimama, kisha akaondoka kwenda kutafuta chakula cha watoto.