Herufi za Kiarabu katika Kiswahili: Kutoka Kalamu hadi Kompyuta

Kabla ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha tahajia ya Kirumi, washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walikwisha kuandika kwa herufi za Kiarabu kwa zaidi ya karne mbili. Utendi wa Tambuka ni wa 1728. Bara mambo yalikuwa mengine. Buyangu, kama Kakamega kwa jumla, ilipokea maandishi kwa mikono ya wamisionari, kwa herufi za Kirumi, ingawa Mumias ilikwisha kuijua misafara ya pwani katika karne ya 19.

Ila ya mwandiko wa kale yajulikana. Aghalabu herufi be ilisimama mahali pa b, p, hata mb. Na alama moja ilitumika kwa i na e, nyingine kwa u na o. Basi be na te zenye alama ya a huweza kusomwa bata au pata. Aliyelikulia shairi masikioni hakutatizika. Mhariri wa leo hubahatisha, na tahajia ya Kirumi huficha kubahatisha kwake.

Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya tahajia timilifu ya Kiarabu kwa Kiswahili. Kompyuta nazo zilikuwa zikisogea: Yunikodi ya 1991 ilikuwa na پ na چ za Kiajemi, na alama ya u iliyopinduliwa, ifaayo kwa o, iliingizwa mwaka 2003.

Wakurdi waandikao Kisorani walitaabika kwa namna nyingine. Fonti zao za awali zilibandika maumbo ya Kikurdi juu ya misimbo ya herufi nyingine, hata asiyekuwa na fonti ileile akaona vurugu tupu. Lakini Kisorani huandika karibu kila irabu kwa herufi kamili. Irabu za Kiswahili hukaa juu na chini ya konsonanti, na fonti isiyojua kuzikalisha huharibu neno zima.

Kevin Donnelly alitunga Andika!, programu ya kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kwa Kirumi, akifuata tahajia ya Sheikh Yahya. Kwa maandishi mapya hiyo yatosha. Kwa miswada ya kale, kuisahihisha wakati wa kuichapa ni kuufuta ushahidi: be ya mnakili ibaki be katika faili ya kwanza, na pata ya mhariri iwekwe katika faili ya pili.