Karatasi Haikuiokoa Royal Majesty

Mwaka 2022 idara ya Uingereza inayochora ramani za bahari ilitangaza kwamba ingeacha kuchapa za karatasi kufikia mwisho wa 2026. Malalamiko yalipozidi, muda ukasogezwa hadi angalau 2030. Walalamikaji hushikilia kwamba ramani ya kielektroniki imemfanya baharia mvivu, na kwamba karatasi na penseli ndizo zilizomweka macho. Ajali ya Royal Majesty inawakanusha. Meli hiyo ya abiria iliondoka Bermuda kwenda Boston, na usiku wa 10 Juni 1995 ikapanda fungu la mchanga mashariki ya kisiwa cha Nantucket ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Waya wa antena ya GPS ulichomoka mapema safarini. Tangu hapo mtambo ukawa unakisia tu kwa mwendo na dira, bila kujua upepo wala mkondo, na baada ya saa kama 34 kosa lilifika maili 17. Karatasi ilikuwapo mezani muda wote: kila saa maofisa waliichora alama, kwa nidhamu ya kusifika, na alama zenyewe zilikuwa za uongo. Kipokezi cha Loran-C, kilichotegemea minara ya redio ya nchi kavu, kilikuwa kikisema kweli palepale chumbani.

Ajali ya Guardian, je? Manowari hiyo ya Marekani ilipanda mwamba wa Tubbataha, Ufilipino, Januari 2013, kwa kuwa ramani ya kidijitali iliuweka mwamba kama maili 8 kando ya ulipo. Hoja ni nzito, ila data hiyohiyo ingechapwa kwenye karatasi, kosa lingebaki lilelile. Na ramani nyingine ya kidijitali, ya mizani tofauti, iliuonyesha mahali pake. Karatasi ya zamani ilikuwa na faida moja isiyokusudiwa: haikuweza kumwambia nahodha yuko wapi. Ilimbidi atafute mwenyewe, kwa nyota, kwa mnara wa taa, kwa bildi lililopakwa shahamu ili linase mchanga au tope la chini, kisha alinganishe. GPS iliiondoa haja hiyo hata mezani pa karatasi, miaka mingi kabla ya skrini kushinda. Chuo cha jeshi la majini la Marekani, kilichokuwa kimeacha kufundisha kupima nyota kwa sekstanti, kililirudisha somo hilo mwaka 2015, kwa hofu ya mitambo kuvurugwa na adui.