Nuru na Maradhi ya Jongo

Katika mwaka 1679, Antoni van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alitazama kwa hadubini unga mweupe uliotoka katika uvimbe wa mgonjwa wa jongo, akaona vijiti vyembamba vyenye ncha. Ni vya kitu gani hakujua, wala asilaumiwe, maana elimu ya kemia ilikuwa changa mno. Alfred Garrod wa London ndiye aliyeonyesha, mwaka 1848, kwamba asidi ya yuriki huzidi katika damu ya wenye jongo. Walakini tabibu aliendelea kupambanua maradhi haya kwa uvimbe na kilio cha mgonjwa.

Mwaka 1961, Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Philadelphia waliyatazama maji ya viungo vilivyovimba kwa nuru iliyochujwa hata mawimbi yake yakatikisika upande mmoja tu. Chujio la pili likikingamishwa na la kwanza, hadubini huwa giza. Fuwele ya jongo hung'aa mle gizani. Pakitiwa bamba la kulinganishia, fuwele iliyolala sambamba na mhimili wake huwa ya manjano, na iliyokingama huwa ya buluu.

Baadhi ya wagonjwa walikuwa na dalili za jongo, lakini fuwele zao zilikuwa nyingine. Mwaka 1962 zilitambuliwa kuwa za kalisi pairofosfeti, ambazo rangi zake huja kinyume. Dawa ya kupunguza asidi ya yuriki haiwafai watu hawa. Na yamkini wengi wa namna yao walikwisha kulaumiwa kwa ulafi wa nyama na divai.