Nani Akae na Mzazi? Historia ya Msindikizaji wa Uzazi, Kutoka Kambi za Katanga Hadi Doula

Mwanamke wa Lubumbashi anayejifungua Liège au Brussels, mama yake akiwa amenyimwa viza na dada zake wakiwa Kolwezi, siku hizi huletewa shauri jipya: amlipe mwanamke asiye ndugu yake, asiye mkunga wala muuguzi, akae naye tangu uchungu unapoanza hadi mtoto anapolia. Mwanamke huyo wa kulipwa huitwa doula. Shauri hili likifika kwa wazee wa huku nyumbani hupokewa kwa kicheko au kwa huzuni. Je, huyo binti hana watu? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la wazee ndilo swali la kihistoria lenyewe. Ni lini, na kwa sababu gani, mzazi wa Kikongo (tunalitumia neno hili kwa maana yake ya mwanamke anayezaa) alianza kukosa watu? Tukilijibu hilo ndipo tutakapoweza kusema lolote la maana juu ya kuajiri au kutoajiri.

Tuanze na maneno, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi. Kiswahili cha pwani kilitenganisha kazi ambazo leo zinachanganywa. Mkunga ndiye mzalishaji: hupokea mtoto, hukata kitovu. Somo ni mwandani wa msichana tangu alipovunja ungo. Humfunza mambo ya unyumba na hubaki mshauri wake. Kungwi ni mwenye kufundisha kunga, yaani siri na mafunzo ya faragha. (Mkunga na kunga yanafanana kwa sauti, hatutaki kujenga nadharia juu ya mfanano huo.) Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, anaziweka habari za mimba na uzazi mwanzoni mwa kitabu, na kwake uzazi ni shughuli ya wanawake, si ya mtu mmoja na mganga wake. Lililo muhimu kwetu ni hili: mikono inayopokea mtoto na mikono inayomshika mzazi haikuwa lazima iwe ya mtu mmoja.

Kiswahili kilipofika Kasongo na Maniema pamoja na misafara ya karne ya 19, kisha kikawa lugha ya kazi katika machimbo ya Katanga, si maneno yote yaliyosafiri nacho. Jambo lenyewe, hata hivyo, halikuhitaji kuletwa na mtu. Katika jamii nyingi za Kongo, binti mwenye mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake, au mama alimfuata, na wakati wa uchungu palikuwapo mama, shangazi, bibi na mwanamke mmoja mwenye ujuzi kuliko wenzake. Hatusemi kwamba uzazi huo ulikuwa salama. Wengi walikufa, na wanawake waliomzunguka mzazi hawakuwa na dawa ya kuzuia damu. Tunasema tu kwamba hakufa peke yake.

Upweke wa mzazi ulianza na safari. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, kwa miaka yake ya kwanza iliwataka wanaume pekee, kwa mikataba mifupi. Watu walikufa kwa maradhi, walitoroka, na kila mwaka ilibidi kutafuta wengine mbali zaidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kampuni iligeuza siasa yake. Mikataba ikawa ya miaka 3, mfanyakazi akahimizwa kuja na mkewe, familia ikapewa nyumba na posho. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa siasa hiyo, aliieleza kwa fahari katika maandishi yake ya mwaka 1946. Lengo halikufichwa. Mtoto aliyezaliwa kambini, akanyonya kambini na kusoma kambini, alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho ambaye hatahitaji kuletwa kutoka mbali.

Hapo ndipo materniti ya kampuni ilipopata nguvu yake. Mwenye mimba alipaswa kupimwa. Mzazi alipaswa kuzalia pale. Mtoto alipaswa kuletwa kwenye mizani. Posho ilikwenda pamoja na utii. Ni rahisi kwa msomi wa leo kuyaita hayo yote ukandamizaji na kufunga daftari, lakini wanawake wenyewe walikuwa na hesabu yao. Chakula kilikuwa chakula, na mtoto aliyepona alikuwa mtoto aliyepona. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, ameonyesha jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa nyumba. Sisi tungeongeza kwamba katika chumba cha kuzalia ilijifanya pia mama na shangazi, na kwamba kazi hii ya pili haikuiweza. Ilikuwa na sabuni, kitanda, masista na koleo za kuzalishia. Haikuwa na mtu wa kushika mgongo wa mwanamke saa kumi na mbili mfululizo, kwa sababu kazi hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la mishahara.

Mambo hayakwenda namna moja nchini kote. Ligue pour la Protection de l'Enfance Noire ilianza mwaka 1912. FOREAMI, mfuko uliopewa jina la Malkia Elisabeth, uliundwa mwaka 1930. Nancy Rose Hunt, katika A Colonial Lexicon (1999), amechunguza kwa kina hospitali ya Wabaptisti ya Yakusu, karibu na Kisangani, na jinsi vitu kama sabuni, baiskeli na cheti cha kuzaliwa vilivyogeuka kuwa lugha ya kuongelea uzazi. Ilipofika mwaka 1960 Kongo ilikuwa na mtandao wa materniti mpana kuliko makoloni mengi ya Afrika. Urithi huo haukupotea: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013–2014 ulikuta kwamba watoto 80 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Lakini uchunguzi huohuo ulikadiria vifo vya wazazi 846 kwa kila watoto hai 100,000. Tarakimu hizi mbili zisomwe pamoja. Wanawake wa Kongo waliitikia mwito wa materniti, ila materniti haikuitikia vya kutosha.

Baada ya Gécamines kurithi machimbo, na hasa uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1990, baada ya uporaji wa mwaka 1991 na wa 1993, hospitali ziligundua upya kwamba zinahitaji ndugu. Hapo alistawi mtu ambaye kila msomaji wetu anamfahamu, garde-malade. Ndiye analeta uji, anafua kitenge, anakimbilia duka la dawa na karatasi ya daktari mkononi, analala kwenye mkeka barazani. Hospitali isingeendelea siku moja bila yeye. Na bado, katika materniti nyingi, mlango wa chumba cha kuzalia unamfungia nje. Anaitwa kulipa, anaitwa kuchukua nguo zenye damu, anaitwa kuambiwa habari; haitwi kukaa. Kazi zote za jamaa zimerudishwa, isipokuwa ile moja iliyokuwa ya kwanza.

Sasa doula. Neno hilo ni la Kigiriki, na maana yake ya zamani ni mtumwa wa kike. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, ndiye aliyelitia katika matumizi mapya, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya kunyonyesha, akimaanisha mwanamke anayemtunza mama ili mama aweze kumtunza mtoto. Kwetu sisi, ambao historia ya Maniema inatukataza kulitamka neno mtumwa kwa wepesi, uchaguzi huo hauvutii. Kiswahili kina mwandani na msindikizaji. Tunapendekeza hilo la pili, kwa kuwa kusindikiza ni kwenda na mtu hadi mahali fulani kisha kumwacha aendelee.

Kilicholipa neno hilo heshima ya kisayansi kilitokea Guatemala. Madaktari Roberto Sosa, John Kennell, Marshall Klaus na wenzao walifanya kazi katika hospitali yenye msongamano, ambamo wanawake waliingia chumba cha uzazi bila ndugu. Msomaji anaitambua picha hiyo. Waliwapa baadhi ya wazazi mwanamke wa kawaida, asiye na mafunzo ya uganga, akae nao, awashike mkono na kuzungumza nao. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1980, waliosindikizwa walichukua wastani wa saa 8.8 tangu kupokewa hadi kujifungua. Wasiosindikizwa, saa 19.3. Kundi lilikuwa dogo, wanawake 40 tu, nasi tusingelijenga nyumba juu ya msingi huo pekee. Mwaka 1991 kundi la Kennell lilitoa matokeo ya Houston, ya wanawake 616: upasuaji ulikuwa 8 kwa mia kwa waliosindikizwa na 18 kwa mia kwa wasiosindikizwa. Mwaka huohuo matokeo ya Johannesburg yalionyesha kwamba waliosindikizwa na wanawake wa mtaani walinyonyesha vizuri zaidi wiki 6 baadaye. Muhtasari mkubwa wa Cochrane wa mwaka 2017 ulikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, ukakuta uchungu mfupi zaidi, upasuaji mchache zaidi na malalamiko machache zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na msindikizaji amtakaye yeye mwenyewe.

Tuangalie vizuri kilichogunduliwa. Sayansi ilimwondoa mzazi kwa watu wake, kisha ikapima madhara ya kumwondoa, kisha ikaliita jibu kwa jina la Kigiriki. Mwaka 1992 kiliundwa chama cha Doulas of North America, na kazi hiyo ikapata vyeti na bei. Hatusemi haya kwa dhihaka. Pasipo vipimo hivyo, shangazi angeendelea kuitwa ushirikina mlangoni mwa hospitali. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mwanamke wa Guatemala hakuwa na ujuzi wa kununuliwa. Na katika Botswana, jaribio lililochapishwa mwaka 1999, la wanawake 109, lilitumia ndugu wa kike wa mzazi mwenyewe, likaona faida.

Kinyume cha hayo kuna hatari nyingine, nayo tulifundishwa hapa nchini, katika mji uleule wa Kasongo ambao Kiswahili kiliufikia mapema. Watafiti wa mradi wa afya wa Kasongo, waliofanya kazi huko tangu mwaka 1971, walifuatilia mimba zaidi ya 3,600 wakitafuta kujua mapema nani atakwama katika kuzaa. Walipochapisha mwaka 1984, jibu lilikuwa la kunyenyekeza: kati ya waliokwama, 71 katika kila 100 hawakuwa wametambuliwa kabla, na kati ya waliotiwa alama ya hatari, 90 katika kila 100 walizaa bila kukwama. Maana yake ni wazi. Hakuna mzazi anayeweza kuambiwa tangu mwanzo kwamba yeye mikono ya kumshika itamtosha. Msindikizaji akae karibu na kisu cha daktari, asikae mahali pake. Doula hapimi mimba, hatoi dawa, hakati kitovu. Na anayedai kufanya hayo, huko Ubelgiji au huku, amekwisha kuwa kitu kingine. Huko cheo cha sage-femme kinalindwa na sheria, cha doula hakilindwi, kwa hiyo mwajiri hana budi kuuliza mwenyewe.

Basi tulirudie shauri la mwanamke wa Liège. Yeye yuko katika hali ya mke wa mfanyakazi aliyeshuka kutoka kwenye gari moshi Élisabethville mwaka 1928: hospitali ipo, chakula kipo, watu hawapo. Kwake kuajiri ni jambo la akili, ikiwa hana rafiki au mume awezaye kukaa naye usiku kucha, na ikiwa anayemwajiri anaijua lugha atakayolilia. Uchungu haungoji mkalimani. Muhtasari wa mwaka 2017 unamuunga mkono kwa kiasi fulani: katika kupunguza upasuaji, wasindikizaji wasio wafanyakazi wa hospitali wala jamaa wa mzazi ndio walioonyesha nguvu zaidi.

Kwa mwanamke wa Lubumbashi hesabu ni nyingine. Hata baada ya serikali kuzindua mpango wa uzazi bila malipo Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, fedha kidogo za nyumbani zina kazi nyingi kabla ya kufika kwa msindikizaji wa kulipwa: usafiri wa usiku, glavu, dawa, damu. Naye ana watu. Wako barazani, kwenye mkeka. Hapa hakuna wa kuajiri. Kuna ruhusa ya kuombwa, na iombwe mapema, siku za kupimwa mimba, si saa ya uchungu. Sababu inayotolewa mara nyingi ya kuwazuia ndugu si ya uganga: vitanda viko chumba kimoja, na mgeni wa huyu atamwona yule akiwa uchi. Sababu hiyo ni ya heshima, tena ni ya kweli. Pazia la kitenge kati ya kitanda na kitanda lingeiondoa, na lingegharimu chini ya malipo ya doula kwa usiku mmoja wa Liège.