Erich Pommer na Gharama ya Uhamisho

Katika historia ya sinema ya Ujerumani baina ya vita viwili vya dunia, sifa huwaendea zaidi waigizaji na waongozaji, ilhali filamu nyingi zilizowapa sifa hiyo zilipita mikononi mwa Erich Pommer, ambaye kazi yake ilikuwa ya mtayarishaji, yaani mtu anayetafuta fedha, kuchagua hadithi, kuwakusanya waandishi na mafundi, kisha kubeba lawama filamu inapokula hasara. Pommer, aliyezaliwa Hildesheim mwaka 1889 katika familia ya Kiyahudi, alijifunza biashara hiyo katika kampuni za Kifaransa zilizokuwa na matawi Ujerumani, na mwaka 1915, vita vilipokuwa vimewageuza Wafaransa kuwa maadui, aliasisi kampuni ya Decla, ambayo ndiyo iliyotoa Das Cabinet des Dr. Caligari mwaka 1920.

Baadaye Decla ilimezwa na Ufa, kampuni kubwa iliyoundwa mwaka 1917 kwa msukumo wa jeshi, na humo Pommer akasimamia kazi za Fritz Lang na F. W. Murnau, akimwachia kila fundi nafasi pana ya kubuni. Uhuru huo ulikuwa na bei yake, kwani Metropolis ya mwaka 1927 iligharimu takriban marki milioni 5 na kuiacha Ufa ikiyumba, hata ikaangukia mikononi mwa Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti na mwanasiasa wa mrengo wa kulia. Pommer, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda Marekani, aliitwa tena, akatayarisha Der blaue Engel ya mwaka 1930, filamu iliyomtangaza Marlene Dietrich duniani.

Tarehe 28 Machi 1933, Joseph Goebbels, waziri mpya wa propaganda wa serikali ya Wanazi, aliwahutubia watu wa sinema mjini Berlin, na kesho yake bodi ya Ufa ikaamua kuvunja mikataba ya wafanyakazi wake Wayahudi, akiwemo Pommer mwenyewe. Inafaa kukumbukwa kwamba siku hiyo hapakuwa bado na sheria iliyoilazimisha kampuni kufanya hivyo. Bodi iliitangulia dola, na ikamtupa mtu aliyeijengea jina.

Uhamishoni Pommer alifanya kazi Paris kwa niaba ya kampuni ya Fox, akatoa Liliom ya mwaka 1934 pamoja na Lang, aliyekuwa naye ameihama Ujerumani, kisha akaenda Hollywood na London, ambako alishirikiana na mwigizaji Charles Laughton kuanzisha kampuni iliyotoa Jamaica Inn ya Alfred Hitchcock mwaka 1939. Orodha hiyo isimdanganye msomaji. Mwigizaji huhama na sura yake, lakini mtaji wa mtayarishaji ni imani ya mabenki, mazoea ya studio na kikosi cha mafundi wanaoelewana naye, na hayo yote yalibaki Berlin au yalitawanyika. Baada ya kupatwa na ugonjwa wa moyo mwaka 1941, alipoteza mkataba wake na kampuni ya RKO, na kwa muda yeye na mkewe wakajipatia riziki kwa kupamba vyombo vya kauri.

Mwaka 1944 alipata uraia wa Marekani, na miaka miwili baadaye akarudi Ujerumani akiwa ofisa wa utawala wa kijeshi wa Marekani, mwenye jukumu la kusimamia utengenezaji wa filamu katika eneo la Ujerumani lililokuwa chini ya utawala huo. Kazi hiyo ilimweka pabaya, kwa kuwa Wajerumani walimtaka aifufue sinema yao haraka, huku makampuni ya Hollywood yakiliona soko hilo kuwa lao, na hakuna upande ulioridhika naye kabisa. Aliacha wadhifa huo mwaka 1949, akatayarisha filamu chache mjini Munich katika miaka ya 1950, na akafariki Los Angeles mwaka 1966, bila kuwahi tena kushika madaraka mfano wa yale aliyonyang'anywa na Ufa.